Ukienda jangwani, panga kwanza pa kusimama

Likizo inapokaribia familia nyingi za mjini hukaa mezani zikijiuliza swali moja: mwaka huu twende wapi? Jibu la wengi ni lile lile. Twende Mombasa tukaogelee, au twende mashambani tukawaone wazee. Leo nakushauri uutazame upande ule wa ramani ya Kenya wenye majina machache na nafasi kubwa tupu. Nasema kaskazini, nchi ya mawe meusi, chumvi nyeupe na ziwa la rangi ya jani bichi. Ila kabla hujawasha gari nakuomba jambo moja. Usianze kwa kuhesabu kilomita. Anza kwa kuhesabu mahali utakaposimama.

Zamani swali hilo halikuwapo, kwa sababu barabara yenyewe ndiyo iliyokuamulia. Baba yangu alikuwa mhudumu wa afya katika iliyokuwa wilaya ya Marsabit miaka ya 1980. Alikuwa akisafiri juu ya lori la mizigo kutoka Isiolo, magari yakiandamana kwa msafara na askari wenye bunduki wakiwa mbele na nyuma. Lori lilisimama lilipochemka, lilipopata pancha, ama mto ulipofurika. Kila mara waliposimama walijuana na watu, wakanywa chai, wakaoneshwa mlima huu na kisima kile. Kwa hiyo baba aliijua nchi ile hatua kwa hatua, na hata leo akitaja Merille au Laisamis utadhani anawataja ndugu zake.

Leo mambo yamegeuka. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katikati ya miaka ya 2010, na mtu akitoka Nairobi alfajiri anaweza kufika Marsabit, mwendo wa kama kilomita 550, kabla ya jua kutua. Ni neema kubwa kwa wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara wa mifugo. Lakini kwa msafiri wa kutalii, lami ina hila yake. Inateleza vizuri mno. Unapita Archer's Post ukiwa umesinzia, unapita Laisamis ukitafuta stesheni ya redio, na jioni unawaambia watoto kwamba mmeona jangwa. Mmeona nini? Mmeona kioo cha gari.

Safari yetu na sharti la daktari

Familia yetu ilipoamua kwenda huko mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, baba alisema naye atakuja. Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Baba amevuka miaka sabini na ana kisukari cha kudungwa sindano kila siku. Kaka zangu walinipigia simu mmoja baada ya mwingine, wakisema kwamba nataka kumwua mzee kwa ajili ya picha za ziwa. Mama alinyamaza, na kwetu mama akinyamaza ujue hajakubali.

Baba mwenyewe alikuwa na neno moja tu. Daktari wa macho alikuwa amemweleza kwamba sukari imeanza kuyagusa macho yake. "Binti yangu," akaniambia, "nataka kuiona nchi ile ningali naona. Nikishapofuka mtanipeleka kuisikiliza?"

Tukamwendea daktari wake. Hakukataa, lakini alitupa masharti. Mzee ale kwa saa zake bila kukosa. Asikae garini zaidi ya saa mbili mfululizo. Jua la saa sita likute yuko kivulini na likae juu yake huko huko hadi lipungue makali. Dawa yake isipate joto, wala isigusane na barafu, maana insulini iliyoganda ni sawa na iliyochemka: zote mbili ni za kutupa.

Mume wangu alikuwa tayari ameandika ratiba ya siku nne, ya mtu mwenye haraka, inayogusa kila kitu na kuondoka. Tuliichana. Tukachukua ramani, tukaketi na baba, tukaanza upya. Swali likawa ni wapi, kila baada ya saa mbili, mzee atapata kivuli, upepo, maji na mtu wa kuuliza habari za mbele. Ratiba ya siku nne ikawa ya siku nane.

Sasa nikueleze jambo la ajabu, msomaji. Ratiba iliyotungwa kwa ajili ya mgonjwa ndiyo iliyotupatia mandhari bora kuliko ile ya mtu mzima mwenye afya. Sababu yake si ngumu. Katika nchi kavu, mahali penye kivuli na maji ndipo watu, ndege na wanyama wanapokutana. Uzuri wa jangwa umejipanga kando ya maji. Ukimtafutia mzee pa kupumzikia, umeshaupata.

Habari ya dawa pia huenda ikakufaa. Barafu tuliyonunua ilitufikisha Archer's Post na mbele kidogo, kisha ikayeyuka, na huko mbele barafu si kitu cha kuokotwa. Tulikuwa tumebeba nyungu mbili za udongo, ndogo ndani ya kubwa, katikati mchanga uliolowa, na juu kitambaa chenye maji. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto, na ndani hubaki ubaridi wa kutosha. Njia hii hufanya kazi vyema zaidi kwenye hewa kavu na upepo, kwa hiyo jangwa lenyewe ndilo lililotuhifadhia dawa. Kila tuliposimama, kazi ya kitinda mimba wetu ilikuwa kushusha nyungu, kuiweka kivulini upepo unapopita, na kuilowesha mchanga upya. Ikiwa nawe unasafiri na mgonjwa wa aina hiyo, muulize daktari wako kwanza, lakini usidhani ugonjwa ni kifungo.

Vituo vyenyewe

Kituo chetu cha kwanza cha kulala kilikuwa Archer's Post, ukingoni mwa mto Ewaso Ng'iro, kama kilomita arobaini hivi kutoka Isiolo. Wengi hupita hapa kwa kuwa bado hawajachoka. Simama. Mto ule unapita katikati ya nchi kavu na kuigawa hifadhi ya Samburu na ile ya Buffalo Springs, na mikoma imejipanga kando yake. Hapa utaona wanyama ambao kule Maasai Mara huwapati: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio makubwa, choroa mwenye pembe ndefu kama fimbo, mbuni mwenye shingo ya rangi ya samawati, na twiga ambaye madoa yake yamechorwa kama wavu. Yupo pia swala twiga, anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Watoto wangu walimcheka wakidhani anacheza. Babu yao aliwaambia kwamba yule hachezi, yule anatafuta riziki.

Asubuhi ya pili utaukuta mlima Ololokwe, jabali kubwa lenye kilele bapa na kuta zilizosimama wima. Wasamburu huuheshimu kama mahali patakatifu, na kwenye miamba yake tai hujenga viota. Uangalie asubuhi mapema au jioni. Saa sita mchana mwanga huufanya uonekane kama ukuta mtupu, na utaondoka ukisema watu wametia chumvi.

Laisamis ndipo unapoiacha lami na kushika barabara ya changarawe ya kuelekea ziwani. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 208, ilitengenezwa upya ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo hadi Sarima. Kabla hujaiingia, simama Laisamis kwa shughuli isiyo ya kutazama mandhari. Pitia kituo cha polisi uulize hali ya usalama. Jaza petroli, pima upepo wa magurudumu, hakikisha una magurudumu mawili ya akiba na jeki inayofanya kazi. Mpigie simu mtu wa nyumbani umwambie unaelekea wapi na unatarajia kufika saa ngapi, kwa sababu kuanzia hapo simu hushika karibu na vijiji tu. Maji ya kunywa tulihesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na mitungi miwili ya lita 20 ya akiba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku ile tulilala South Horr. Ukiwa umekaa garini mchana kutwa ukitazama miiba na vumbi, bonde lile litakushangaza. Limekaa katikati ya milima, mmojawapo ukiwa Nyiru, unaoheshimiwa mno na Wasamburu. Vijito hushuka kutoka msituni, na miti ni mikubwa kiasi kwamba unaweza kuegesha gari na kuandika barua chini yake bila jua kugusa karatasi. Hapa usilale tu na kuondoka alfajiri. Pumzika hadi mchana upite.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya kituo kinachofuata. Ukitoka South Horr baada ya saa tisa, utafika Sarima wakati jua linaanza kulegea. Pale upepo hubanwa kati ya mlima Kulal na ule wa Nyiru, ukapita kwa nguvu mchana na usiku. Ndiyo sababu kumesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Shikilia kofia yako. Kisha endelea mbele hadi barabara inapoanza kuteremka katikati ya mawe meusi ya volkano, na ghafla Ziwa Turkana linafunuka chini yako, kijani kibichi, na Kisiwa cha Kusini kimekaa katikati yake kama nyangumi aliyelala.

Hapo zima injini. Usiseme neno kwa dakika tano. Hilo ndilo ziwa la kudumu kubwa kuliko yote duniani lililomo jangwani. Sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 90, hutoka mto Omo wa Ethiopia. Mwaka wa 1888 Teleki na von Höhnel kutoka Ulaya walilifikia na kulipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, kana kwamba halikuwa na wenyewe. Jina la Turkana likawekwa rasmi mwaka wa 1975.

Baba alishuka garini akaegemea boneti. Wakati wa kazi yake alikuwa amefika pale mara mbili tu, akiwafuata wagonjwa wa kipindupindu. Nilimwuliza kama analiona vizuri. Akaniambia, "Rangi naiona. Kile kisiwa mnieleze ninyi." Kifungua mimba wangu, kijana wa miaka kumi na miwili ambaye nyumbani hasemi maneno matatu bila kulazimishwa, akasimama kando yake akamweleza: kisiwa, mawimbi, vivuli vya mawingu, mashua moja ya wavuvi. Alieleza kwa muda mrefu. Tukafika Loiyangalani gizani kidogo, na hakuna aliyenung'unika.

Loiyangalani kaa siku mbili. Jina lake katika Kisamburu humaanisha mahali pa miti mingi, na miti yenyewe imetokana na chemchemi. Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo huishi hapo pamoja. Waelmolo, walio miongoni mwa jamii ndogo zaidi nchini, huishi kwa uvuvi. Ipo makumbusho ya jangwa juu ya kilima, iliyofunguliwa mwaka wa 2008, na ni kituo kizuri cha jioni. Usiingie majini kabla ya kuuliza wenyeji, maana mamba ni wengi. Usiku ukisikia upepo ukishuka kutoka Kulal na kutikisa paa, usiogope, ila hema lako liwe limefungwa barabara.

Chalbi na mlima wenye ukungu

Kutoka Loiyangalani tulielekea North Horr na Kalacha, kando ya jangwa la Chalbi. Hili si jangwa la mchanga wa sinema. Maelfu ya miaka iliyopita lilikuwa ziwa, na leo ni uwanda wa udongo na chumvi usio na mwisho, mweupe na tambarare kama meza iliyopanguswa. Hapa sheria ni mbili. Ya kwanza, pita alfajiri. Ikifika saa nne mazigazi huanza, unaona maji mbele yasiyofikiwa, na vichwa vya ngamia vikielea bila miguu. Ya pili, ikiwa mvua imenyesha, au mwenyeji amekuambia imenyesha milimani, usiingie. Chalbi ikilowa hugeuka tope linalomeza magurudumu, nawe utangoja siku mbili kabla ya kuokolewa. Tafuta mwongoza njia, maana alama za magari huenda huku na huku, na si zote zinazokwenda mahali.

Kalacha ni chemchemi na mikoma pembezoni mwa weupe ule. Ukikaa kivulini kimya saa za asubuhi utaona Wagabra wakileta ngamia kunywa, kundi baada ya kundi, kila moja likingoja zamu yake. Tulikaa pale tangu saa tatu hadi saa tisa kwa sababu ya sharti la daktari. Mama mmoja wa makamo alitukaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Baba akaikubali bila sukari, mama yule akacheka akasema ni mara ya kwanza kumwona mgeni kutoka chini asiyeomba sukari. Kisha akauliza, "Kenya hawajambo?"

Wanangu walitazamana. Ilibidi babu yao awaeleze kwamba usemi huo ni wa miaka mingi. Mtu wa huko akisafiri kwenda Nairobi husema anakwenda Kenya. Si kwamba hajui mipaka. Ni kwamba kwa miaka mingi barabara, hospitali na shule vilikomea Isiolo, na nchi iliyobaki ikaachiwa jua. Mtoto wetu mdogo akauliza, "Kwani sisi tuko wapi sasa?" Hakuna aliyemjibu haraka.

Kwa hiyo, msomaji, unapopanga pa kusimama, panga pia namna ya kusimama. Kamera ikae mfukoni hadi umesalimu na kuomba ruhusa, hasa visimani. Huko katika nchi ya Waborana wapo vijana wanaoshuka ndani ya visima virefu na kupokezana ndoo za maji huku wakiimba. Ile ni kazi yao ya kila siku, si maonyesho. Usinawe magari kwa maji ya chemchemi. Usitupe chupa za plastiki, kwa maana mbuzi watazila. Nunua kitu dukani hata kama gari lako limejaa vyakula vya supamaketi, na umlipe mwongozaji wako bila kumpigia kelele ya bei.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Marsabit. Baada ya siku hizo zote za joto, gari hupanda mlima na ghafla unatafuta sweta. Marsabit ni volkano iliyokwisha kulala, na msitu wake hulishwa kwa ukungu. Kaskazini mwa mji kuna shimo kubwa la volkano liitwalo Gof Choba. Simama ukingoni, lakini washike watoto mikono. Ndani ya hifadhi kuna Ziwa Paradise, ambako tembo hushuka kunywa, na ndiko alikokuwa akizurura Ahmed, tembo mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri yake mwaka wa 1970. Alikufa mwaka wa 1974, na mifupa yake imo katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Wapeleke watoto wakaione kabla ya safari. Wataupanda mlima ule wakimtafuta.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Basi chukua kalamu na ramani. Tafuta katika nyumba yako yule aliye dhaifu kuliko wote, mtoto mchanga, mama mjamzito au mzee mwenye magoti mabovu, kisha upange safari kwa mwendo wake. Weka kituo kila baada ya saa mbili, penye kivuli, maji na mtu wa kumsalimu. Mchana pumzika. Maziwa na milima yaone jioni, na uwanda wa chumvi alfajiri. Kila asubuhi uliza usalama kabla ya kuondoka, na ukiambiwa leo usipite, usipite. Bakiza siku moja isiyo na kazi, maana huko kuna mito isiyosoma kalenda.

Sukari ya baba ilipimwa aliporudi, na daktari hakupata la kumkemea. Macho yake bado tunayauguza. Mama naye ameanza kuuliza, kama mtu asiyekuwa na haja kubwa, ikiwa Kalacha kuna mahali pa kulala penye kitanda kizuri.